Chai ya Kijani, Moyo, na Pesa za Kikundi

(Maneno haya yalisemwa na muuguzi mstaafu mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia kutoka Molo, Njoro, Rongai na Kuresoi. Aliombwa azungumzie chai ya kijani inayopitishwa vijijini kama dawa ya moyo. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, pamoja na baadhi ya maswali yaliyofuata.)



Mama mweka hazina amenionya kwamba chakula kiko karibu kuiva, kwa hivyo nitaenda moja kwa moja kwa jambo mliloniitia. Kuna wauzaji wanaopita huku kwetu na katoni za chai ya kijani. Wanaomba dakika kumi kwenye mkutano wa kikundi, wanafungua pakiti, wanawaonjesha watu. Wanasema chai hii inalinda moyo. Wanasema inazibua mishipa mpaka mwenye presha anaweza kutupa tembe zake. Halafu wanasema kikundi kikinunua katoni kadhaa kitawauzia majirani na kupata faida. Nimesikia vikundi viwili kati yenu vimeshaliweka jambo hili kwenye ajenda, na pesa za mzunguko ziko tayari kutoka.

Niseme mapema mnielewe. Hilo la kulinda moyo lina ukweli ndani yake, na nitawaeleza ni ukweli wa kiasi gani. Hilo la kutupa tembe ni uongo, na ni uongo unaoua. Kuhusu katoni mtaamua wenyewe, pesa ni zenu.

Tuanze na mmea, ingawa ninyi wa Kuresoi mnaujua kuliko mimi. Watu wengi hudhani chai ya kijani ni mmea mwingine kabisa kutoka Uchina. Sivyo. Ni mmea ule ule mnaochuna kule Olenguruone na Kiptagich, majani mawili na chipukizi, ule ule ulio Kericho na Nandi Hills. Tofauti inaletwa kiwandani. Majani ya chai yetu ya kawaida yakifika hunyaushwa, hupitishwa kwenye mashine ya kuyakatakata, halafu huachwa yapate hewa mpaka yageuke kahawia, ndipo yakaushwe. Mmeona parachichi lililokatwa likiachwa mezani linavyobadilika rangi? Ni jambo la namna hiyo hiyo. Sasa majani ya chai ya kijani hayapewi nafasi ya kugeuka. Hupigwa mvuke mapema au hukaangwa kwa chombo kikavu, joto linazuia yale mabadiliko, kisha hukunjwa na kukaushwa.

Na si rangi peke yake inayobaki. Ndani ya jani bichi mna vitu ambavyo wataalamu huviita katekini. Hivyo ndivyo vinavyoleta ule ukakasi ulimini. Jani likigeuka kahawia sehemu kubwa ya katekini hugeuka kuwa vitu vingine, ambavyo navyo si vibaya, ndivyo vinavyoipa chai yetu rangi yake nzuri. Katika chai ya kijani katekini hubaki nyingi. Kwa hivyo mtu akikuuzia pakiti kwa bei ya kutisha akisema ni mmea wa siri wa mbali, jua kwamba huenda jani hilo lilitoka ng'ambo ya kilima chako.

(Mzee mmoja hapo mbele ananiuliza juu ya chai ya zambarau. Ndiyo, mzee, hiyo ni yetu kabisa. Watafiti wa chai wa Kericho, pale Timbilil, waliitoa kwa wakulima mwaka 2011 baada ya kuishughulikia kwa miaka mingi. Jani lake lina pia ile rangi iliyo kwenye zabibu nyeusi. Nayo ni chai nzuri, lakini utafiti juu yake kwa watu bado ni mchache, na wakulima wengi walioipanda wanajua taabu waliyopata ya soko. Tuiache hapo kwa leo.)

Katekini hufanya nini mwilini? Mshipa wa damu si kama paipu ya plastiki ya maji. Ndani yake una utando laini, na utando huo ukiwa na afya hutoa kitu kinachoufanya mshipa ulegee na kupanuka damu inapopita kwa nguvu. Mtu akiwa na presha ya miaka mingi, au ana ugonjwa wa sukari, au anavuta sigara, utando ule huchoka. Mshipa unakakamaa, mafuta yanajishika ukutani, na moyo unasukuma kama punda aliyepakiwa mzigo wa punda wawili. Katekini zinaonekana kuusaidia ule utando kufanya kazi yake. Pia zinapunguza kidogo kolesteroli mbaya, yale mafuta ya damu yanayoziba.

Ushahidi mkubwa ulitoka Japani. Kuanzia mwaka 1994 watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 wa sehemu ya Ohsaki, katika mkoa wa Miyagi, ambako chai ya kijani hunywewa kila siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Wale waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walilinganishwa na wale wasiomaliza hata kikombe 1. Katika miaka 7, vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kwa wanywaji wa vikombe 5 vilikuwa chini kwa asilimia 26. Kwa kina mama upungufu ulikuwa mkubwa kuliko kwa kina baba, na ulionekana zaidi kwa kiharusi. Kwa saratani hawakuona tofauti yoyote, kwa hivyo anayewaambia inazuia saratani mwambieni arudi darasani.

Sasa hesabu hiyo ni ya kweli, na muuzaji akiitaja hajadanganya. Lakini tuitazame kama mnavyotazama daftari la kikundi, msitari kwa msitari. Kwanza kikombe chao ni kidogo, kama mililita 100, na hawatii sukari. Pili, watafiti waliwatazama watu tu jinsi wanavyoishi. Mtu anayekunywa chai ya kijani mara tano kwa siku huenda pia anakula samaki na mboga, anatembea, na hanywi soda. Nani atajua ni kipi kilichomsaidia zaidi? Ndiyo maana hufanywa majaribio ya namna nyingine, ambapo watu hugawanywa kwa kura, hawa wapewe chai na wale wasipewe. Mwaka 2013 wataalamu walikusanya majaribio 11 ya namna hiyo, ya chai ya kijani na chai nyeusi, watu 821 kwa jumla. Waliona kolesteroli inashuka kidogo na presha inashuka kidogo. Walisema pia kwamba majaribio yalikuwa machache na madogo.

Kidogo ni kiasi gani? Kwa presha, ile namba ya juu hushuka pointi 2 au 3 hivi. Tembe moja ya presha ya kawaida, ikimezwa kila siku, hushusha pointi 9 au 10, na daktari anaweza kuongeza nyingine. Tuchukue mtu ambaye presha yake ni 170 juu ya 100. Akinywa chai ya kijani bila kukosa, atafika 167. Mia sitini na saba bado ni hatari. Bado kiharusi kimeketi mlangoni. Lakini yeye atakuwa na furaha, kwa sababu ametumia pesa nyingi na anasikia mwili mwepesi.

Hapa nataka tukae kidogo.

Presha haiumi. Hilo ndilo linalowauza wauzaji. Mtu anaacha tembe wiki ya kwanza, hasikii kitu. Wiki ya pili, hasikii kitu, na anaanza kuwashuhudia majirani kwamba amepona. Nilifanya kazi wadi miaka mingi, na sijui ni mara ngapi nimepokea mzee ameletwa na pikapu, mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, na bibi yake anasema, "Sista, alikuwa mzima, alishaacha hata dawa." Ukiuliza alikuwa anatumia nini badala yake, unatajiwa mizizi, au kitunguu saumu, au maji ya mwarobaini, na siku hizi chai.  Kilichomwangusha ni kile alichokiacha.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa Nairobi au wa matajiri. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliokuwa wakichunguza macho katika wilaya ya Nakuru ya wakati ule walipima pia presha ya watu wa miaka 50 na zaidi. Nusu yao walikuwa na presha ya juu. Nusu! Hesabuni hapa ndani: nyie mliofika hamsini, mmoja kwa kila wawili. Halafu mwaka 2015 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima kwa watu wazima wa miaka 18 mpaka 69, ikaonekana karibu mtu 1 kati ya kila 4 ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wote hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Yaani tunabishana juu ya chai ya kutibu presha, na wengi wetu hatujui presha yetu ni ngapi.

Basi chai ya kijani ninaipinga? La hasha. Mimi mwenyewe huinywa alasiri. Kwa mtu mzima ni kinywaji kizuri, na uzuri wake mkubwa kwetu hapa huenda hauko katika katekini hata kidogo. Uko katika kile ambacho hatutii ndani yake. Tuhesabu sukari. Mtu wa kwetu hutia vijiko 3, wengine 4 nisiwataje. Kwa vikombe 4 kwa siku hiyo ni vijiko 12, karibu gramu 48. Kwa siku 10 mtu mmoja amemaliza karibu nusu kilo ya sukari kwa chai peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba ni afadhali sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6, na hapo hatujahesabu soda na mandazi. Sukari hiyo inaleta unene, unene unaleta presha na ugonjwa wa sukari, na hayo mawili yanamaliza moyo. Mtu akihama kutoka kwa vikombe 4 vyenye vijiko 12 akaenda kwa chai ya kijani isiyo na kitu, moyo wake utamshukuru. Lakini akinywa chai ya rangi bila sukari, vivyo hivyo. Na hiyo ya rangi iko dukani kwa bei mnayoijua.

Maziwa je? Najua nasema na watu wa ng'ombe. Mwaka 2007 huko Berlin walijaribu kwa kina mama 16, wakaona chai nyeusi inapanua mshipa vizuri, na ikitiwa maziwa ile faida inapotea, kwa sababu protini ya maziwa inazishika katekini. Magazeti yakapiga kelele. Lakini hao walikuwa watu 16 tu. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Uingereza wa karibu watu nusu milioni, ambako wengi hunywa chai nyeusi kama sisi. Waliokunywa vikombe 2 au zaidi kwa siku walikuwa na vifo vichache kidogo kuliko wasiokunywa, wenye maziwa na wasio na maziwa. Kwa hivyo msimwage maziwa. Punguzeni kijiko cha sukari, anzeni na kimoja wiki hii, ulimi huzoea.

Jambo moja nisilisahau, maana sisi wa Bonde la Ufa ni wa kunywa chai inayochemka. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya koo, lile bomba la kupitishia chakula. Madaktari wa hospitali ya misheni ya Tenwek, kule Bomet, wameona saratani hiyo kwa wingi kwa miaka mingi, ingawa visababishi ni vingi. Iwe ya kijani au ya rangi, iacheni ipoe dakika chache. Na kwa chai ya kijani hilo lina faida nyingine: usiyachemshe majani yake pamoja na maji kama tulivyozoea, itakuwa chungu. Maji yakishachemka yatulie kidogo, mimina juu ya majani, subiri dakika 2 au 3, chuja.

Pia jihadharini na ile inayouzwa kama vidonge. Chai ya kijani ya kunywa imenywewa kwa mamia ya miaka. Lakini vidonge vyenye dondoo lake kali ni kitu kingine. Mwaka 2018 wakaguzi wa usalama wa chakula wa Ulaya walionya kwamba kipimo cha katekini cha miligramu 800 au zaidi kwa siku katika vidonge hivyo kinaweza kuanza kudhuru ini. Na kama kwenye kikundi kuna mtu anayemeza wafarini, ile dawa ya kuzuia damu kugandamana ambayo wengi waliowekewa vali za moyo huitumia, asianze kunywa chai ya kijani kwa wingi kabla ya kumwuliza daktari wake.

Sasa pesa. Mkitaka kuuza chai ya kijani kama kinywaji, sioni ubaya. Nendeni Nakuru mjini, ingieni dukani, tazameni bei ya pakiti ya kawaida ya chai ya kijani iliyotengenezwa hapa Kenya, mlinganishe gramu kwa gramu na ile ya katoni. Wekeni namba hizo mbili ubaoni kabla ya kupiga kura. Mkiona bado kuna faida ya haki, uzeni. Lakini mwanachama asimwambie jirani kwamba ni dawa. Siku jirani huyo akianguka, watu hawatamkumbuka muuzaji aliyepita na gari. Watakumbuka jina la kikundi.

Na kabla ya katoni, ulizeni bei ya mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Kikundi kinaweza kuwa nayo moja, ipime watu kila siku ya mkutano, na majina na namba ziandikwe kwenye daftari. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu wa afya ya jamii mikoba yenye vifaa, na mashine ya presha ikiwa ndani, kwa hivyo mwenye kujua kuitumia huenda yuko kijijini mwenu tayari, mwiteni. Kabla ya kupimwa mtu aketi dakika 5 bila kuongea, miguu chini, mkono mezani. Asiwe amekunywa chai wala kahawa kwa nusu saa, maana kafeini hupandisha namba. Akipata 140 juu ya 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine, na ikibaki hivyo aende zahanati. Asipewe tembe za jirani.

Maswali yalifuata.

Mama mmoja wa Njoro aliuliza: "Na yule ambaye ameshaacha tembe miezi miwili, aanze tena kama zamani?"

Aende kliniki apimwe kwanza, aende wiki hii, na abebe kadi yake. Aseme ukweli kwamba aliacha, asione haya. Dawa inaweza kubadilishwa. Na kama aliacha kwa sababu ilimletea kikohozi au miguu kuvimba, aseme hilo pia, kuna nyingine. Kama aliacha kwa sababu ya nauli na bei, hapo ndipo kikundi kina kazi.

Mkulima wa Kuresoi: "Je, naweza kujitengenezea nyumbani kwa majani yangu?"

Ya kunywa wewe na watu wako, unaweza. Chuna majani mawili na chipukizi, sehemu ambayo haijapuliziwa dawa. Yakaange siku hiyo hiyo kwenye sufuria kavu isiyo na harufu ya mafuta, ukigeuza-geuza mpaka yalegee. Yafinye na kuyakunja kwa viganja, halafu yakaushe kwa moto mdogo mpaka yavunjike ukiyashika. Kuuza ni jambo lingine, sheria ya chai ya mwaka 2020 inataka leseni.

Mama wa Rongai: "Binti yangu ni mjamzito na aliambiwa damu ni kidogo. Chai ya kijani itamwongezea?"

Haitamwongezea, mama. Chai yoyote, ya kijani au ya rangi, huzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa maharagwe na mboga. Asinywe pamoja na chakula wala pamoja na tembe zake za kuongeza damu. Aache kama saa moja ipite kabla na baada. Mezani anywe maji, na kukiwa na chungwa au ndimu ale pamoja na mboga, kwa sababu hiyo husaidia chuma kuingia. Na katekini zenyewe zikiwa nyingi si nzuri kwa mimba, kwa hivyo hiyo ya kijani aiache mpaka ajifungue. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe chai kabisa, hata ile ya maziwa tunayomchovyea mkate.